Harambee ya maktaba isiyohitaji bando

Ndugu zetu wa Sikonge, Tabora mjini na kokote mlikotawanyika, hodi.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki na wakulima kinatafuta shilingi 2,100,000 za kufunga maktaba ya kidijitali kwenye stoo ya asali. Wanachama wameshaahidi 600,000. Pengo ni 1,500,000. Mtu asifikirie darasa la kompyuta. Ni kompyuta moja ndogo, Raspberry Pi 4, haina hata kioo. Ndani yake kutakuwa na Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka kwa programu ya Kiwix, masomo ya kilimo, na rekodi za wazee wetu kwa Kinyamwezi na Kiswahili. Mwenye simu janja akikaa barazani ataipata kwa Wi-Fi bila kulipia hata MB moja. (Simu italalamika kwamba hakuna intaneti, kisha itarukia data yenyewe. Zima data kwanza.)

Ila wengi kijijini wana kitochi, na kitochi hakina Wi-Fi. Ndiyo maana fungu kubwa kuliko yote, 540,000, ni la memori kadi 60 za GB 8. Rekodi ya saa moja ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29, kwa hiyo kadi moja inabeba zaidi ya saa 250 za maongezi. Kadi itazunguka nyumba kwa nyumba, ikirudi stooni inajazwa mapya.

Tunarekodi nini? Jinsi ya kujua sega limeiva: robo tatu ya vyumba viwe vimezibwa kwa nta, maana asali ikirinwa (ikivunwa) mbichi maji yake hupita asilimia 20, na baada ya muda ndoo inachachuka na kutoa povu. Moshi gani hauiachii asali harufu. Namna ya kuchonga mzinga wa gogo, ili tuachane na mizinga ya magome, kwa sababu mti wa mtundu ukivuliwa gome kuzunguka shina lote hauponi. Kila rekodi ina jambo moja, haizidi dakika 8, na inaanza kwa kutaja msemaji na mwezi wa kazi hiyo. Ikiwa ndefu, hakuna atakayerudia kuisikiliza.

Uyoga tumeutenga. Hatutauweka kwa sauti peke yake, maana kumwambia mtu "una wekundu kidogo, una pete shingoni" kunaweza kumuua. Lazima kuwe na picha ya juu, ya chini na ya shina lililokatwa, na wamama watatu wazoefu wakubaliane. Kwa hiyo utabaki kwenye simu janja tu. Dawa za miti, na mahali mizinga ya mtu ilipotundikwa, ni uamuzi wa mwenyewe. Akikataa kurekodiwa, basi.

Mradi wa namna hii hufia kwenye umeme. Kompyuta na ruta (kifaa cha kurusha Wi-Fi) vitatumia umeme wa jua, na vinakula kama wati 12. Kwa saa 12 kwa siku ni wati-saa (Wh) 144. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa (Ah) 50, ina Wh 600, kwa hiyo itavumilia mawingu ya Januari siku tatu. Ya asidi ni rahisi dukani, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, hivyo umelipia Wh 600 unatumia 300. Waya wa volti 5 ukiwa mrefu na mwembamba unapoteza nguvu njiani na kompyuta inajizima. Kishusha umeme, cha kushusha volti 12 kuwa 5, kitakaa pembeni ya kompyuta kabisa. Na umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, mafaili huharibika. Kwa hiyo kila kitu kitakuwa na nakala ya pili, nayo itakaa kwa katibu, si stooni.

Mchanganuo uliobaki: betri 480,000, kompyuta na kasha la alumini (chini ya bati joto ni kali) 320,000, kinasa sauti na maikrofoni ya kubana kwenye kola 190,000, paneli ya jua ya wati 100 kwa 140,000, ruta 130,000, diski ya SSD 110,000, kontrola ya chaji, fyuzi na nyaya 110,000, fimbo na waya wa ethi, kwa ajili ya radi, 80,000.

Tunakutana stooni Jumapili ya mwisho ya Septemba, saa 8 mchana, ili ufungaji uishe kabla mvua hazijaanza. Mhazini atatoa risiti kwa kila mchango. Memori kadi za nyumbani zinapokelewa, lakini zisizidi GB 32, maana kubwa zaidi huja na mfumo wa exFAT na vitochi vingi havisomi. Asiye na fedha alete asali. Itapimwa na kunadiwa papo hapo. Mbichi tutairudisha.