Miwani iliyochakaa: shika fremu, lenzi iache

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi saa hapa Morogoro mjini, ila siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu kwahiyo kinachonijia kibandani kwa wingi ni miwani, na nyingi zinakuja zimeshaharibiwa nyumbani na mtu aliyekuwa anajaribu kuzitengeneza. Inaniuma sana, maana mwenye nayo mara nyingi ni mama fundi cherehani au mwalimu ambaye bila ile miwani kazi haiendi.

Cha kwanza ni hii habari ya dawa ya meno inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti inaondoa mikwaruzo. Jamani haiondoi. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia, ndo maana meno yanang'aa, sasa ukiipaka kwenye lenzi ya plastiki (na karibu zote tunazouziwa siku hizi ni plastiki, sio kioo) unakuwa unakwangua eneo zima, na ule utando wa kuzuia mng'ao unabanduka mabakamabaka. Alafu nguvu ya lenzi iko kwenye mpindo wake, ukiusugua sana mpindo unaweza kuichezea ile namba uliyopimiwa hospitali. Magadi ya kuokea nayo ni hivyohivyo. Lenzi ikishakwaruzika pale katikati unapotazamia inabadilishwa tu, hakuna dawa ya nyumbani.

Cha pili ni supaglu. Ule mvuke wake unapokauka unatua kwenye lenzi unaacha ukungu mweupe na hautoki kwa kitambaa, na pale kwenye bawaba inagandisha kila kitu mpaka mkono wa miwani haukunji, akija fundi hata skrubu haipati. Miwani yako ikikatika pale katikati juu ya pua tafadhali usiipake, iweke vipande vyote kwenye bahasha upeleke hivyohivyo. Kama ni ya chuma inaweza kuchomelewa, lenzi zikitolewa kwanza.

Sasa vitu ambavyo mtu anaweza kabisa kufanya mwenyewe, na nawaambia bure japo ndo riziki yangu. Mkono ukilegea kaza skrubu kwa bisibisi ndogo ya saa, fanyia juu ya taulo au sinia maana ile skrubu ikidondoka sakafuni umeipoteza, ukiona imegoma usilazimishe, itakatikia ndani. Kama inalegea kila mara weka tone dogo la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, kwenye kichwa cha skrubu kwa ncha ya kijiti, usiiguse lenzi. Skrubu imepotea? Chomeka kijiti cha meno kwenye tundu, kata kilichozidi, utafika nacho mpaka kwa fundi. Pini usitumie, iko karibu mno na jicho.

Zile pedi za puani zikiwa njano au zina ukijani, ukijani ule ni shaba iliyo kwenye chuma inakutana na jasho, osha kwa mswaki laini na sabuni ya maji, na pedi zikishakuwa ngumu badilisha. Kuna za skrubu na kuna za kubana, nenda na ya zamani mkononi ili upate inayofanana. Usipuuze pedi, ikikosekana upande mmoja miwani inakaa kombo, katikati ya lenzi haipo tena mbele ya mboni, mtu anashinda na kichwa kinamuuma anadhani macho yameongezeka ubovu kumbe ni pedi tu, hasa wenye namba kubwa na wale wa lenzi za kusomea na kutazamia mbali kwa pamoja.

Mkono wa plastiki ukipinda unauloweka kwenye maji ya moto kiasi, yasiwe yanachemka, unaunyoosha taratibu, lenzi zibaki nje ya maji. Joto linatanua plastiki ya lenzi kuliko ule utando wa juu, utando unapasuka vinyufa vidogo kama vya tope kavu. Hii ndo inawapata pia madereva wanaoacha miwani kwenye dashibodi juani. Na kufuta, osha na maji kwanza vumbi litoke, kufutia kanga au shati likiwa na vumbi ndo mikwaruzo mingi inakoanzia.

Ombi langu kwa wenye maduka ya miwani, mnapomuuzia mtu mpeni na skrubu ya akiba na pedi mbili, kwenu ni vitu vidogo sana ila mtu wa Mahenge hana pa kuvinunua. Na mpeni namba zake zimeandikwa kwenye karatasi aondoke nayo, pamoja na kipimo cha umbali kati ya mboni za macho mawili, wateja wengi naowaona hawana hiyo karatasi, lenzi ikivunjika hata kama alipimwa juzi inabidi aanze upya safari ya kupimwa. Na wewe Mhariri, ukurasa wenu wa afya ukitoa picha za hizo skrubu na pedi na jinsi ya kukaza, nitashukuru sana, wengi wanaonijia gazeti wanalisoma na simu ya picha hawana.

Fundi saa,
Morogoro