Harambee ya mtoto wetu wa Nyalenda, Kisumu: 200 kila mwezi, sio elfu mbili siku moja

Wapendwa wa jumuiya na majirani wote, pamoja na nyinyi mko Nairobi na Gulf, poleni na kazi. Wengi mmekuwa mkiuliza ule mtoto wa mama sabuni anaendeleaje, wacha niwaambie vile mambo iko.

Kijana ana miaka 4. Alikunywa kostiki ya kutengeneza sabuni, ilikuwa imeshachanganywa ikawekwa kwa chupa ya soda, na mnajua ikishaingia kwa maji haina rangi haina harufu. Alimeza fundo moja tu, akaanza kulia na mate kutiririka bila kukoma. Jirani mmoja akasema atapishwe, mwingine akakimbilia ndimu ati ikate ukali, dani yake, yaani nyanya yake, akakataa katakata akampandisha boda na chupa mkononi hadi hospitali. Na alifanya la maana huyo nyanya, juu hiyo kitu ikirudi inachoma mara ya pili, na ndimu ikikutana nayo inaongeza moto.

Madaktari wakaingiza kamera wakakuta vidonda kote kwa njia ya chakula. Kostiki inayeyusha nyama huku ikizidi kuzama ndani. Akalazwa, akaruhusiwa, tukaimba tukashukuru. Kumbe vidonda vikipona vinaacha kovu na kovu linajikaza, wiki chache baadaye ugali ukakataa kupita, mkate ukakataa, mwishowe hata chai inarudi na puani. Saa hii analishwa na mpira uliowekwa tumboni. Mama anachuja uji mara mbili na kichungi cha chai, anavuta na sirinji ile kubwa, anasukuma polepole, na mtoto amekaa hapo akiangalia wenzake na mandazi.

Dawa yake ni kupanuliwa njia. Analazwa usingizi, wanapitisha kifaa, akiamka anaweza kumeza kitu laini. Lakini kovu linajikaza tena, so anarudi kila wiki mbili tatu, miezi mingi, kuna watoto wanaenda mwaka na zaidi. Kuharakisha haiwezekani, njia inaweza kutoboka. Ikikataa kabisa ndio wanakata kipande cha utumbo mpana wamtengenezee njia nyingine, na hiyo operesheni ni kubwa, tunaomba tusifike huko.

Ndio maana mimi kama katibu nimekataa ile harambee ya kupiga mnada keki halafu kila mtu anaenda kwake na tukikutana tena ni matanga. Hii ni safari. SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa penye italipa, lakini nauli, sirinji, dawa ya asidi ya tumbo na unga wa uji hakuna kadi inashika, na siku ya kliniki mama hauzi kitu. Nataka watu 50 wa 200 kila mwezi, hiyo ni 10,000, tunaenda nayo pole pole.

Wenye kupika sabuni, Jumapili tutagawa mitungi ya kufunga na kufuli, lete hizo chupa zote za soda tuzitupe.

Majina tunaandika baada ya misa ya pili, risiti zinabandikwa mlangoni kila mwezi. Namba iko kwa poster. Ukituma lazima jina la jumuiya litokee, likitokea jina la mtu usibonyeze, nipigie kwanza.