Athumani, vipimo sikutumii

Mesa, Arizona
Jumapili usiku

Kwako sahibu yangu Athumani,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, mama watoto na wanawe wazima, na yule mwenye hoteli hajawang'oa bado hapo ufukweni. Sisi huku tu wazima, ila joto. Jua limetua kitambo lakini gerejini bado hakukaliki, nami ndimo niandikiamo, kwa sababu shangazi yake Salma amekuja na watoto wote na kila kochi lina mwenyewe.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza nikacheka, nikaurudia nikaacha kucheka, nikaona hili si jambo la kujibu nikiwa barabarani. Halafu Mwanaisha naye kanipigia kunisema eti siku hizi mimi ni mtu wa kuweka picha tu, salamu hakuna. Haya, salamu ndizo hizo.

Wataka vipimo vya bodi ya jetiski yangu mpya, upate kuinakili. Urefu, upana, kimo cha ubavu, na picha za tumbo bodi ikiwa imelazwa kifudifudi, "na uweke rula pembeni." Rula, Athumani! Wasema picha ile moja imekutosha kujua kwamba kitu kile chaweza kutoka Mtwapa kwa robo ya pesa nilizotoa. Sina shaka nawe. Mashua ulizozipiga faiba pale kriki nimezipanda. Lakini naona waichukulia kama kiboti kisicho na viti, kwa hivyo kabla sijakujibu acha nikueleze.

Ile jetiski yangu ya zamani, Yamaha SuperJet ya 2005, waijua, ile ya kuendeshwa kwa kusimama. Injini yake, 701 cc, mitungi miwili, mipigo miwili, haina neno hadi leo. Ukiichanganyia mafuta sawasawa, sehemu moja kwa hamsini za petroli, yawaka ukigusa tu. Iliyokufa ni bodi. Lake Pleasant hushushwa maji kila kiangazi, maana ni bwawa la kuhifadhi maji ya Mto Colorado, na mawe ambayo majira ya baridi yako chini kabisa huja yakakaa shibri moja chini ya uso. Nikakutana na mojawapo. Ufa niliuziba kwa namna uliyonifundisha, nikasugua mpaka kwenye faiba nzima, nikapandisha tabaka juu ya tabaka, ukashika vizuri tu. Lakini maji yalikwisha kuingia kwenye povu la plastiki lililojazwa huko nyuma, kando ya sakafu ya kusimamia, na povu likishakunywa halitapiki. Jetiski iliyotoka kiwandani na kilo 130 na ushei ikafika mahali mimi na Hamisi hatuipandishi kwenye trela bila kugombana.

Utaniuliza mbona sikununua mpya. Mpya gani? Yamaha waliacha hii ya mipigo miwili mwaka 2020. Ya 2021 ina injini ya mipigo minne, 1049 cc, kilo 170. Ile SX-R ya Kawasaki ndiyo kabisa, 1500 cc na kilo 250. Ni mashine nzuri zote, sizitukani, ila mgongo wangu ni ule ule ulioumia Likoni. Nataka kitu nikiangukia majini nikirudie kwa mkono mmoja.

Ndipo wapenzi wa 701 walipoanza kufanya hivi. Kuna karakana ndogondogo, nyingine zina watu wanne watano tu, zinazotengeneza ganda tupu lililopimwa kupokea matumbo yote ya SuperJet. Nilikwenda kuitazama hiyo niliyonunulia. Hawapaki resini kwa brashi na rola kama nyinyi. Kitambaa, kaboni hapa, kevla pale panapogongwa, hupangwa kikavu ndani ya kalibu, kikafunikwa nailoni, hewa yote ikafyonzwa kwa pampu, kisha resini ikaachiliwa ijivute yenyewe mpaka kila uzi uloe. Hakuna dimbwi la resini kwenye kona wala kiputo cha hewa. Ndiyo maana ganda tupu nilibeba peke yangu kutoka kwenye gari, nikaingia nalo gerejini kama mtu aliyebeba sinia ya pilau, Salma akinipisha.

Bei sikutajii. Salma aweza kuisoma barua hii.

Sasa usifikiri ukishapata ganda umemaliza. Laja uchi. Kila kitu chatoka kwa marehemu: injini, tangi, sanduku la umeme, ekzosi, pampu ya nyuma, shafti, mkono wa usukani na waya zake. Na kila kimoja chafika kikiwa na malalamiko. Bodi hii ni fupi kuliko ile kwa shibri hivi, kwa hivyo mpira wa maji ya kupoza ukawa mrefu, waya ya usukani ikajikunja vibaya, tangi likagusana na ekzosi. Mashimo ya kupitisha maji hayapo. Watoboa mwenyewe, moyo ukidunda, kwenye kitu kilichomeza akiba yako. Gundi ya kuziba nayo, kwa joto hili, yashika kabla hujaisawazisha.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya kulinganisha shafti. Hapa ndipo ungependa uwepo. Injini imekaa katikati, shafti yapenya ukuta wa ndani kwenda kwenye pampu, na kati yake pana kapla mbili za chuma zinazoumana na raba katikati. Bodi ya kiwandani ina mahali pake pa kila mguu wa injini. Hii iliyotoka mikononi mwa watu ina vitako vinne ambavyo kimoja kimezidi kidogo, huoni kwa jicho. Walaza rula ya chuma juu ya kapla zote mbili, wamulika tochi kwa nyuma, watazama. Mwanga ukipenya upande mmoja, injini imeinama. Wachomeka kibati chembamba chini ya mguu, wakaza, watazama tena juu, kisha ubavuni. Ukikaza bolti hii, kule kwingine kwahama. Jirani yangu, fundi wa magari, alikuja kusimama mlangoni na soda yake akaniambia mradi yazunguka, twende. Ndiyo, itazunguka. Itazunguka huku yatafuna raba, ikimaliza yatafuna beringi, kisha sili yaachia, maji yajaa kwenye ngama, kule chini tumboni, nawe uko katikati ya ziwa wapunga mkono. Nilikaa na ile tochi mpaka Salma akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mwanga ulipokatika pande zote nilimwita aje aone. Akatazama, akasema, "Sioni kitu." Nikamwambia ndiyo hasa.

Kuishusha niliipeleka Lake Havasu, mwendo wa saa tatu na ushei kutoka hapa, kwa heshima tu. Ni kwao. Clayton Jacobson, mwendesha pikipiki, ndiye aliyeanza kuota chombo hiki miaka ya sitini, Kawasaki wakakitoa 1973 kwa jina la JS400, na fainali za dunia zimekuwa zikifanyika Havasu miaka na miaka. Pale ziwani pana Daraja la London, la kweli, Wamarekani walilinunua Waingereza walipolichoka, likafunguliwa pale 1971. Watu husema lilihamishwa jiwe kwa jiwe. Kumbe mifupa yake ni zege jipya la Marekani, na yale mawe ya Uingereza yamevalishwa kwa nje. Nikawa nimekaa chini yake juu ya ngozi mpya yenye matumbo ya zamani, nikasema haya, tumekutana.

Yaendaje? Haina adabu, Athumani. Ile ya zamani ukiielekeza mbele yaenda mbele. Hii tumbo limepinda kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, kwa hivyo yageuka kabla hujamaliza kuwaza, na nyuma yateleza kando ukitaka na usipotaka. Ukisita kwenye mafuta yazama, lazima uanzie magoti mpaka ishike mwendo ndipo usimame. Ukiibana sana kwenye maji shwari, pua yaanza kudunda, dun dun dun, mpaka meno. Kwa safari ndefu ya kunyooka haifai kitu. Ila kwenye wimbi, Wallahi! Miguu imeingia kwenye vishikio vyake pale sakafuni, waivuta juu nayo yaja. Hamisi akapiga picha, ndiyo hiyo uliyoiona, ndiyo iliyoleta balaa lote hili la rula.

Turudi kwenye rula basi.

Wasema sheria ya Marekani haifiki Mtwapa. Kweli haifiki. Na huku kwenyewe walisumbuana sana: Florida walikuwa na sheria ya kukataza mtu kumimina kalibu juu ya boti ya mwenzake, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta 1989, kisha 1998 Bunge la Marekani likatunga nyingine ya kulinda umbo la chombo kwa miaka kumi, kwa aliyelisajili. Kwa hivyo yawezekana ukaniletea hoja za kisheria mpaka kesho. Sizungumzii sheria. Wakumbuka Kassim alipoipigia kalibu mashua yako ile ya pua ndefu, akawa auza Kilifi na jina amebandika lake? Hukula pilau la harusi yake. Ulikaa nje na sahani tupu, mimi nikikusihi. Sasa huyu mzee aliyetengeneza bodi hii alianza na kipande cha povu, akakichonga kwa mkono, akakipaka, akakipanda, akarudi kukisugua, akakipanda tena. Alinionyesha kile cha kwanza kabisa, kibaya, kimening'inizwa ukutani. Nitapitaje nyuma yake na rula?

Usinikasirikie bado. Nina jambo jingine.

Kusajili kumenifunza kitu cha ajabu. Arizona, chombo cha majini husajiliwa na idara ya wanyamapori na uvuvi, na wao hawana habari na injini yako. Kila chombo kina namba ya bodi, herufi na tarakimu kumi na mbili, imepigwa upande wa kulia wa tezi. Hiyo ndiyo chombo. Kwa macho yao basi nina jetiski mpya kabisa, changa, iliyokuja na cheti chake cha kuzaliwa, hata kama injini ndani yake ni mzee wa 2005. Na SuperJet yangu? Ipo hai, kisheria! Imeegemea ukuta hapa mbele yangu haina kitu tumboni, lakini namba ni yake. Salma asema ama yeye ama hiyo.

Kwa hivyo nakuletea. Kina Mama Zuhura wafunga kontena la Mombasa mwisho wa mwezi ujao na wamekubali nafasi kando ya magodoro. Ukate sehemu ya nyuma utoe lile povu lililolewa maji, uone ndani walivyoijenga, uone sakafu inavyoungana na tumbo, ujifunze uwezavyo. Umbo lile ni la 1996, dunia nzima imeshalichokonoa. Lakini nikwambie ukweli nisingetaka ulinakili hata hilo. Maji yenu ni ya chumvi, chini ni matumbawe, na wimbi la kusi pale mlangoni mwa kriki hakuna mtu wa Arizona anayelijua. Chonga lako. Chukua povu, chukua msumeno, mwite Babu Kombo akae kwenye kiti akutukane, utapata. Hapo ukiniomba nije nikupimie shafti nitapanda ndege.

Sasa nijibu haya. Forodha ya Kilindini itaiita nini bodi isiyo na injini, chombo ama plastiki? Waweza kumuuliza yule shemeji yako kabla sijaandika kwenye karatasi? Nani atakuja na gari kuichukua, wewe ama utamtuma tena yule kijana aliyesahau trela? Na la ufundi: nataka kuongeza tabaka mbili chini ya vishikio vya miguu. Resini niliyo nayo ni poliesta, bodi ni ya epoksi, na nasikia poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Umewahi kujaribu? Nisugue mpaka wapi? Au nisiwe bahili nikanunue epoksi? Mguu wa Babu Kombo vipi, daktari amesema nini? Rehema matokeo yametoka? Ile injini ya Kassim ya farasi 40 mliimaliza ile kesi, ama bado hamuongei?

Andika kabla kontena halijafungwa. Na ukubwa wa viatu vya watoto, maana nafasi itabaki ndani ya bodi.

Wako,
Swaleh