Nekesa, nitolee cheti cha kuzaliwa cha Mercy kwa Rose

Mulembe Nekesa,

Najua nimenyamaza tangu Krismasi, meseji zako mbili niliziona na sikujibu, ukitaka kunitusi nitusi tu lakini soma mpaka mwisho kwanza juu nina shida na wewe ndiye uko karibu nayo. Huku tuko salama, au niseme tuko hai. Biashara ya mitumba hapa soko la Kibuye ni ile tu, mvua imenyesha mpaka belo moja ikakaa wiki mbili bila kufunguliwa. Mzee anakusalimia sana. Mguu wa mama yako uliendaje?

Sasa. Mercy, huyu binti ya dada yangu Rose ninayekaa naye, ana mimba.

Nimeandika hiyo sentensi nikaifuta mara tatu. Jumamosi ya juzi nilikuwa natoa godoro lake nje kwa jua juu ya kunguni, usicheke, kunguni wa mtaa huu wa Manyatta hawabagui, na nikiinua tu zikaanguka pakiti nne za pedi, hazijafunguliwa hata moja. Si unajua kila mwezi nikimnunulia sabuni na mafuta naweka na pedi kwa kitanda chake na siulizi kitu. Nikasimama hapo nikihesabu na vidole kama mtoto wa chekechea, Februari, Machi, Aprili, Mei. Yeye alikuwa jikoni anakaanga omena, amevaa sweta ya shule. Sweta, Nekesa, na hili joto la Kisumu! Wiki iliyopita nilikuwa nimemuuliza mbona sweta hata jioni akasema ana homa, nikampea Panadol. Panadol! Nikaenda kliniki naye Jumatatu wakasema miezi mitano.

Na mwenye mimba ni yule kijana wa boda. Si mwingine, ni yule yule niliyekuambia kwa simu mwaka jana ati nimepata mtu mpole wa kumpeleka shule na kumrudisha, anaimba kwaya, anasalimia watu na mikono miwili. Mimi mwenyewe nilimchagua pale steji. Mimi ndio nilikuwa namlipa, 500 kila Ijumaa, na siku nikikosa anasema mama usijali utalipa wiki ijayo. Nilikuwa naogopa asitembee na miguu apitie kwa vijana wa mtaani, ndio nikamtafutia usalama na huo usalama nikaulipia.

Rose nilimpigia usiku huo. Nilidhani atalia. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Huyo kijana ako na pikipiki yake ama ya mtu?" Hapo nikajua mambo yameharibika. Sasa ninavyokuandikia watu wa kijana wameshafika kwa Rose na mzee mmoja wa mtaa na soda kreti mbili, wanasema watalipa elfu thelathini na akishajifungua wamchukue kama bibi. Bibi wa miaka kumi na sita! Na Rose ananiambia nisimharibie mtoto bahati, ati tukienda polisi nani atamlea huyo mtoto, nani atamwoa tena, aibu itamalizwa na nini. Sisemi hana sababu ya kuogopa, ana watoto wanne na shamba la miwa halijamlipa chochote, elfu thelathini kwake si pesa ya kucheka. Lakini wewe unajua hizo kesi za kumalizia nyumbani zinaishia wapi. Wewe zaidi ya mtu yeyote.

Samahani kama naingilia vidonda. Lakini nimekuwa nikifikiria sana ile 2006 yako, ulipopata mimba. Ng'ombe mmoja na mabati kumi na mbili, na yule mtu akaendelea kufundisha kwaya kama hakuna kitu, na wewe ukakaa nyumbani mwaka mzima ukichunga ng'ombe huyo huyo. Na unajua ile Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka ule ule wako, 2006? Sikuwa najua. Nimeambiwa na dada mmoja wa dawati la jinsia pale polisi. Akanieleza polepole, mtoto chini ya miaka 18 hata akisema alikubali, kwa sheria hawezi kukubali, huo ni unajisi. Kama alikuwa 16 au 17 mtu anafungwa si chini ya miaka 15, na kama alikuwa kati ya 12 na 15 ni si chini ya miaka 20. Na zile soda kreti mbili hazifuti kesi, elfu thelathini pia hazifuti, chifu wala mzee wa mtaa hana ruhusa ya kuimaliza.

Halafu akauliza, "Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

Na hapo ndio nimekwama. Mercy alitimiza 16 Machi mwaka huu. Mimba ni ya Januari. Maana yake alikuwa 15. Korti haitasikiliza mdomo wangu, inataka umri uonekane, na cheti kiko kwa Rose kwa ile sanduku ya bati chini ya kitanda, ile ya marehemu mama yetu, na Rose amekataa kunipa. Mwanzo alisema kimepotea. Juzi akasema kimeliwa na panya. Kesho kitakuwa kimechukuliwa na mafuriko. Na mbaya zaidi nasikia watu wa kijana wanamfundisha aseme msichana ni wa miaka 18, alichelewa kuanza shule.

Kwa hivyo ombi langu ni hilo, lakini ngoja nikuambie na mengine kwanza juu nimekuwa nayo kifuani.

Kliniki walimpima kila kitu, damu iko chini, wakampea vidonge vya kuongeza damu, virusi vya Ukimwi hana, Mungu ni mwema. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, hakumtukana hata kidogo, mimi ndio niliambiwa ukweli nje. Akasema kwa wasichana wadogo anachoogopa ni presha, ile inaleta kifafa cha mimba, na nyonga bado haijakomaa, mtoto anaweza kukwama na mama akaumia akabaki anavuja mkojo maisha yake yote. Akasema asizalie nyumbani hata kama nyanya yake ni mkunga wa kijiji kizima. Nikamuuliza kama wako wengi. Akanijibu kwa nchi nzima ule utafiti wa afya wa 2022 ulipata wasichana 15 kwa kila 100 wa kati ya miaka 15 na 19 wameshawahi kushika mimba, Nyeri ni 5, hapa jirani Homa Bay 23, Samburu nusu nzima. Nusu! Nikamwambia huyu wangu si 15 kwa 100, huyu ni mmoja na ndiye niko naye. Akacheka kidogo, akanishika mkono.

Nilimuuliza Mercy, sasa wewe hukujua? Akaniambia wasichana darasani walisema ukitumia P2, ile tembe ya kuzuia mimba baada ya kulala na mtu, hata baada ya wiki inafanya. Wiki, Nekesa. Ile dawa ni ya haraka, siku tatu hivi na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyokosa nguvu, baada ya wiki unameza tu pesa. Na huyo kijana ndiye aliyemnunulia! Mtu alijua vizuri anachofanya. Sasa mimi namlaumu Mercy na nini, wakati mimi mambo hayo sijawahi kuyafungua na yeye hata siku moja. Naweka pedi kwa kitanda natoka mbio kama mwizi. Kwetu hiyo kazi ilikuwa ya senge, shangazi wa upande wa baba, na senge wake yuko Nairobi hata simu hapigi, mimi dada ya mama nikasema si kazi yangu, Rose akasema watafundishwa shuleni, shule nayo inasema wazazi wawafundishe, kanisani wanaambiwa wajitunze, bila kuambiwa wanajitunza na nini. Unakumbuka ile kampeni ya Nimechill ya wakati wetu, ya kuambia vijana wangoje? Tulikuwa tunaimba tu. Hakuna mtu alituambia mwanaume akianza kukununulia chipsi na kukubebea bure ujue hesabu imefunguliwa.

Na Rose ana ujasiri wa kusema ni disco matanga, zile densi za usiku kwa matanga, zimeharibu watoto. Disco matanga gani Manyatta? Hapa ni saa kumi na mbili asubuhi, mtoto na yunifomu na begi, kwa pikipiki niliyoilipia mimi.

Mdogo wake Mercy, yule Sharon wa Gredi ya 8, nimeshaongea naye. Nilitetemeka kama naomba mkopo. Nikamwambia kila kitu, siku za hatari, kondomu, kwamba kuna sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba na kile kijiti cha mkono, kwamba kusema hapana si utovu wa adabu hata kwa mtu anayeimba kwaya, kwamba mtu mzima akimgusa aniambie saa hiyo hiyo tukimbie hospitali kabla ya saa 72, hakuna kuoga kwanza. Mzee akasema namfundisha umalaya. Nikamwambia basi mfundishe wewe. Akatoka kwenda kuangalia mpira.

Shule sasa. Mwalimu mkuu alianza kusema afadhali "apumzike" halafu tumtafutie kwingine. Nikamwambia mwalimu, serikali ilisema tangu 1994 msichana akijifungua anarudi, na kuna miongozo mipya ya 2020, nikamtajia mpaka mwaka. Akalainika. Shida ni hii, hawa wa kidato cha tatu ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa masomo, nyuma yao hakuna darasa, nyuma ni wale wa Gredi ya 10 wa mfumo mpya. Wewe uliporudi 2008 ulirudia kidato cha pili ukakaa na watoto wadogo ukaona aibu lakini darasa lilikuwepo. Mercy akikosa mwaka mmoja hana pa kurudia. Kwa hivyo asome mpaka tumbo likatae, azae Oktoba, Januari arudi kidato cha nne, mtoto nitakaa naye sokoni ndani ya karatasi ya belo kama wale wengine, sioni ajabu. KCSE yake, ule mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ni 2027. Hiyo ndiyo ninaishikilia.

Yeye mwenyewe? Haongei. Anafua. Kila nguo ya hii nyumba imefuliwa mara mbili. Jana usiku aliniuliza kama yule kijana atafungwa kwa sababu yake, nikamwambia si kwa sababu yako, akasema "lakini hakuwa mbaya kwangu," na sikupata la kumjibu mpaka saa hii. Wewe ungemjibu nini? Ulikuwa unafikiria hivyo pia wakati ule?

Sasa ombi. Nenda kwa Rose. Usimpigie simu kwanza, atakificha. Nenda Alhamisi siku ya soko akiwa ametulia, uende tu kama unamsalimia, na umwambie yako yote, hata ile sehemu hujawahi kumwambia mtu, juu mimi ananiona kama ninajifanya mtu wa mjini lakini wewe anakusikia. Akitoa cheti kiweke kwa bahasha ngumu uitume na gari ya saa nne ya Kisumu, umpe dereva si makanga, na unitumie namba ya gari. Nauli nitakutumia leo. Akikataa kabisa niambie nianze kutafuta kingine kwa msajili, nimeambiwa inawezekana lakini inachukua muda, na kijana amenunua begi kubwa, nasikia anasema ana mjomba Busia pale mpakani.

Unaweza Alhamisi hii? Ama mzee wako Wekesa atakukataza? Na mwanao Kevo anajua habari ya baba yake, uliwahi kumwambia? Aliipokeaje? Na ukiweza, ungeongea na Mercy kwa simu hata dakika kumi, bila mimi kusikia?

Ni mimi,
Nafula