Hadina ya epoksi haipunguzwi: kwa wateja wanaojijengea boti nyumbani

Lalamiko tunalolisikia kuliko yote hapa karakanani kwetu Kigamboni ni la hadina, ile dawa inayochanganywa na rezini ili igande. Mteja anajenga boti yake uani, boti ndogo ya plaiwudi ya kuvalisha faiba, anakuja kununua rezini, gundi ya maji ya kuloweshea faiba. Tunampa rezini ya aina ya epoksi, makopo mawili: moja la rezini na la pili la hadina, na hilo la hadina ni nusu ya lile la kwanza. Anakumbuka kwamba jirani yake aliyetengeneza tangi la maji la faiba alipewa ndoo nzima ya rezini na kichupa cha hadina kinachoenea kiganjani. Anaondoka amenuna, na baada ya siku chache tunasikia kwamba sisi tunawalangua watu kwa kuwauzia hadina wasiyoihitaji.

Mmoja wao alirudi na kopo la hadina likiwa bado limejaa robo tatu. Alitaka arudishiwe fedha, maana kazi imekwisha na hadina imebaki. Tukaomba twende tukaione boti. Ilikuwa imepakwa vizuri, mkono wa mtu mwenye subira, kitambaa hakina hata kiputo kimoja cha hewa. Lakini ukigusa ubavuni kidole kinazama na kuacha alama, na ilikuwa imekaa hivyo juani zaidi ya wiki mbili. Ilibidi kuikwangua yote kwa moto na chembeu hadi kwenye mbao, kuifuta, kuipiga msasa na kuanza upya. Kitambaa kilitupwa. Alicholipa kwa kazi hiyo kilizidi bei ya seti mbili mpya za epoksi, na hapo ndipo aliposema tumemwibia.

Hatukumwibia, na tunataka wateja wengine waelewe kabla hawajafika pale. Rezini ya tangi la jirani ni poliesta. Katika poliesta ile chupa ndogo ni kichochezi tu: unaweka asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, na rezini inaganda yenyewe kwa yenyewe. Ukizidisha kidogo inawahi, ukipunguza kidogo inachelewa, na fundi mzoefu hucheza na kiasi hicho kulingana na joto la siku. Epoksi haichezewi hivyo. Hadina ya epoksi ni sehemu ya plastiki yenyewe. Kila chembe ya rezini inahitaji mwenzake wa kushikana naye. Nyingine huchanganywa mbili kwa moja, nyingine tano kwa moja, inategemea mtengenezaji, na kipimo kimeandikwa kwenye kopo. Ukipunguza hadina, rezini iliyokosa mwenzake haitaganda kesho, wala kaskazi ijayo. Ukizidisha ili iwahi kukauka, hadina iliyozidi inabaki humo na kazi inakuwa laini. Kwa hiyo mizani au vikombe vyenye alama si anasa. Tunavyo, na anayenunua epoksi kwetu tunampa vikombe bila malipo.

Swali linalofuata huwa: kwa nini basi msiniuzie poliesta, ambayo bei yake ni sehemu tu ya hii? Tunaiuza, na sisi wenyewe tunaitumia kila siku kwa boti za faiba tupu zinazotolewa kwenye kalibu. Huko inafanya kazi nzuri sana. Juu ya mbao ni habari nyingine. Poliesta husinyaa inapoganda, na haishiki mbao kwa nguvu, hasa mbao zenye unyevu kama zetu za pwani. Boti inatoka inang'aa, mwenye boti anafurahi, halafu inapigwa na mawimbi, inaburutwa mchangani, jua linaipasha, na faiba inaanza kuachana na mbao kidogo kidogo. Maji yanaingia katikati na hayana pa kutokea. Tumewahi kufungua boti ya namna hiyo kwa mikono mitupu: ganda la faiba likatoka zima, na chini yake plaiwudi ilikuwa nyeusi, unaichota kwa vidole. Mwenyewe aliamini faiba ndiyo iliyozuia mbao kuoza. Ile faiba ilikuwa imefungia maji ndani.

Na kuna kosa la kuchanganya mambo hayo mawili. Mati ile ya nyuzi fupi zilizotawanyika imeshikizwa kwa gundi ambayo huyeyuka ndani ya poliesta. Ndani ya epoksi gundi hiyo haiyeyuki, mati inabaki ngumu, haikai kwenye kona, na inakunywa rezini zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Ukinunua epoksi, nunua kitambaa kilichofumwa. Cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha kwa boti ndogo, na hunywa rezini karibu sawa na uzito wake. Mteja anayechukua mati kwa sababu ni rahisi huja kununua rezini mara ya pili, na akiba yake yote imekwisha hapo.

Sasa plaiwudi. Hapa ndipo tunapogombana na watu wazima wenzetu. Dukani kwa vifaa vya ujenzi ukiomba plaiwudi ya maji utapewa marini bodi, ile yenye ngozi laini ya kahawia au nyeusi. Hiyo ni ya kumwagia zege. Gundi yake huenda ikawa nzuri, lakini matabaka ya ndani yana mapengo ambayo huyaoni mpaka ukate, na ngozi ile imewekwa makusudi ili kitu kisigande juu yake. Zege haishiki, na rezini pia haishiki. Mteja wetu mmoja wa Kimbiji aliinunua ya milimita 18, akidhani unene ni uimara. Shiti moja ya unene huo ina uzito wa kilo 30 na ushee. Ilipokataa kupinda kuelekea omo, mbele ya boti, akaikata mifereji kwa msumeno nusu ya unene, ndipo ikapinda. Alipotuletea tuivalishe faiba tulikataa, na alikwenda kutusema kwamba tunaringa. Tungeivalisha tungekuwa tumechukua fedha yake kwa boti inayokatikia kwenye mifereji ile siku ya wimbi kubwa.

Plaiwudi ya boti halisi, ile inayofuata kiwango cha Uingereza cha BS 1088, haina mapengo ndani. Nyingi hutengenezwa kwa okoume, mti wa Gabon, mwepesi: shiti ya milimita 6 ya futi 4 kwa 8 haifiki kilo 9. Ni ghali, hatukatai. Kama mfuko hauruhusu, tafuta plaiwudi ya kawaida yenye gundi ya kuhimili maji, na uijaribu kabla ya kununua shiti zote. Kata kipande, kichemshe saa kadhaa, kikaushe juani, kichemshe tena. Matabaka yakiachana, hiyo ni ya dari. Na hata okoume yenyewe huoza ikiachwa wazi, kwa hiyo kila ukingo uliokatwa unyweshwe epoksi mara mbili tatu mpaka uache kunywa, kwa sababu plaiwudi huingiza maji kwa ukingo kuliko kwa uso. Vivyo hivyo kila tundu la boliti kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma, unaobeba injini: toboa kubwa zaidi, jaza epoksi, ikiganda toboa tena kwa kipimo cha boliti. Ni kazi ya nusu saa ambayo karibu kila mtu huiruka. Mbao za tezi ndizo tunazobadilisha kuliko sehemu nyingine yoyote.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maji ya mvua huozesha boti ya mbao haraka kuliko ya bahari. Chumvi huzuia kuvu. Mwenye nyumba moja ya wageni ufukweni aliacha boti yake imesimama bila turubai masika yote, imejaa maji, akiamini kwamba kitu kilichojengwa kwa maji hakidhuriwi na maji. Ingegeuzwa kifudifudi tu, ingepona.

Hatusemi haya ili kuwatisha wanaotaka kujijengea. Boti hizi zilibuniwa kwa ajili yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jack Holt na Barry Bucknell kule Uingereza walitoa boti ya Mirror, mita 3.3, ya shiti zinazoshonwa kwa waya wa shaba na kuzibwa kwa utepe wa faiba na rezini, na zimeshajengwa zaidi ya 70,000, nyingi majumbani. Na pwani yetu ilishona mitepe, vyombo vya kale vya mbao, kwa kamba za makumbi karne nyingi kabla ya hapo. Mzee mmoja mvuvi, mtu wa ngalawa maisha yake yote, alijenga ya futi 14 nyumbani kwake akija kutuuliza kila hatua. Aliunga shiti zake kwa mshazari wa mara nane ya unene, yaani milimita 48 kwa plaiwudi ya milimita 6, akarandia kwa mkono. Huwezi kuona pale zilipoungana. Boti yake tunawaonyesha wateja.

Alijua pia kuchanganya kidogo kidogo. Joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari halina huruma kwa epoksi, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata muda wako wa kuipaka karibu nusu. Ukichanganya nusu ndoo saa sita mchana itatoa moshi na kuyeyusha ndoo kabla hujafika upande wa pili. Changanya kikombe kimoja, kimimine kwenye sinia pana, fanya kazi asubuhi chini ya kivuli. Ukikuta utando wa mafuta juu ya epoksi iliyoganda, si rezini feki kama tunavyoambiwa. Ni unyevu wa hewa. Uoshe kwa maji na sifongo kabla ya msasa. Ukimaliza, paka rangi. Kuna wanaopenda mbao zionekane, lakini jua hula epoksi isiyofunikwa, na ndani ya msimu mmoja inakuwa na ukungu na nyufa.

Na kwa wanaotumia poliesta: kichochezi cha ile chupa ndogo kikirukia jicho kinaweza kulipofusha, vaa miwani. Usikichanganye kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, hulipuka.

Kuhusu bei zetu za kuvalisha faiba. Watu huhesabu tabaka la mwisho la rangi. Sehemu kubwa ya mnacholipa ni msasa, kukausha na kusubiri. Tukipima mbao tukakuta unyevu umezidi asilimia 12, boti inakaa bandani mpaka ishuke, na nafasi hiyo tungeweza kuweka boti nyingine. Fundi atakayekuambia ilete leo uichukue kesho anaweza kuwa nusu ya bei yetu, na tumeshafungua kazi za namna hiyo.

Kupima unyevu na kukagua plaiwudi kabla hujanunua hatutozi. Leta kipande cha kiganja. Kwa boti iliyokwisha pakwa rangi ya mafuta hatutaji bei kwa simu, lazima tuione, kwa sababu rangi yote hutolewa kwanza. Masika yakianza hatuvalishi faiba nje ya banda na nafasi za ndani ni chache, kwa hiyo wanaotaka boti kabla ya kusi wazilete mapema, Januari au Februari.