Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Majiko yamefika, mafundi je?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Morogoro. Mimi ni fundi umeme, na ninakuandikia kuhusu fedha za nishati safi ya kupikia.

Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku. Vifaa vinanunuliwa. Wa kuvifunga, kuvikagua na kuvitengeneza, huku ninakofanya kazi ni wa kutafuta kwa tochi.

Mwaka jana niliitwa shule moja ya bweni kurekebisha taa za bwalo. Jikoni nikakuta majiko mawili makubwa ya gesi yamefunikwa turubai. Matundu ya kutolea moto yalikuwa yamezibwa na uji uliokaukia humo, na mpira wa gesi ulikuwa umepasuka pale unapoungana na jiko. Hatua chache nyuma yake mama mpishi alikuwa akichochea magogo chini ya sufuria ya maharage, macho mekundu kwa moshi. Mkuu wa shule aliniambia fundi pekee anayemfahamu yuko Dar es Salaam, na nauli yake haina fungu. Kwa kijana aliyefundishwa, kazi ile haimalizi siku.

Majumbani nako kuna yake. Tunahimizwa kutumia jiko la presha la umeme, na ni kifaa kizuri kweli: sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Lakini nyumba nyingi ninazoingia, soketi zimevutiwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa, badala ya ule mnene wa 2.5. Washa jiko, birika na pasi kwa pamoja, soketi inaanza kunuka. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, mara nyingi haupo kabisa. Friji nalo, mpira wa mlango umelegea, linanguruma usiku na mchana. Mama aliye kwenye tarifu ya D1, ile ya bei nafuu kwa watumiaji wadogo wa umeme, anajua akizidisha uniti 75 kwa mwezi atahamishwa, na bei ya uniti itapanda karibu mara tatu. Friji bovu linatosha kumrudisha kwenye mkaa. Ukaguzi wa nusu saa ungemwokoa, ila kwetu fundi huitwa kitu kikishaungua.

Mheshimiwa, Serikali imeanzisha ujenzi wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA katika wilaya 64, na waajiri wanachangia tozo ya kuendeleza ujuzi. Ninaomba sehemu ya fedha za nishati safi iende huko, kugharamia kozi fupi za kufunga na kutunza majiko ya taasisi, na za kukagua nyaya na matumizi ya umeme majumbani, kwenye zahanati na kwenye pampu za maji. Wapishi wa shule nao waingizwe, maana wao ndio wanaoona hitilafu kabla ya mtu yeyote.

Cheti peke yake hakimlishi mtu. Kila jiko la taasisi linaponunuliwa kwa fedha za umma, mkataba uwe na fungu la matengenezo, na alipwe fundi wa wilaya hiyohiyo. Wapo pia vijana waliojifunza kwa kubeba begi la fundi miaka mingi. Ninao, na mikono yao ninaiamini. Wanakwama kupata leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa kukosa vyeti. Urasimishaji wa ujuzi, yaani kumpima na kumpa cheti aliyejifunza kazini, upo; tunaomba ugharamiwe uwafikie huku mitaani.

Bajeti ijayo itakaposomwa Dodoma, tunaomba tusikie fungu la mafundi likitajwa kwa shilingi, na kwa kila wilaya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi umeme, Morogoro