Barua kwa Mwanangu Anayehamia Lushoto

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma na picha za vyumba viwili nimeziona: kimoja kule chini karibu na mto, kodi nafuu, kingine juu ya mteremko, kodi imechangamka na njia ya kupanda ni ndefu. Umeniuliza Lushoto kuna baridi kiasi gani ndipo uamue. Swali hilo halina jibu moja, mama. Mji ule umekaa ndani ya bonde, na bondeni hali ya hewa hugawiwa nyumba kwa nyumba. Ulipo kwenye mteremko, na upande unaotazama, ndiko kunakokupangia baridi, jua na maji ya mvua. Nitakueleza kwa mtindo huo, chumba utachagua mwenyewe.

Anza na urefu. Sisi huku tuko usawa wa bahari. Ukipita Muheza, Segera na Korogwe bado uko nyikani, na hata Mombo iko mita 400 na kitu tu. Hapo gari linakata kulia na kuanza kupanda kilomita 33 za kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, linapita Soni, na likifika Lushoto mjini liko kwenye mita 1,400 hivi. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo toa nyuzi nane kwenye joto la Tanga, ndio wastani wa Lushoto. Kutoka mjini ukiendelea kupanda mpaka msitu wa Magamba, ambako vilele vinapita mita 2,200, toa nyingine nne au tano. Wajerumani walipapenda kwa ajili ya baridi hiyo, wakaweka boma lao na kupaita Wilhelmstal.

Lakini huo ni wastani, na wastani haumfuniki mtu usiku. Julai, saa nane mchana, utakaa nje kwa blauzi na jua litakuchoma kuliko hapa, maana hewa ya juu ni nyepesi na haizuii miale. Saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyo hiyo kipimo kinaweza kuwa kwenye nyuzi 10. Mtu wa pwani anashtushwa na pengo hilo kuliko baridi yenyewe. Huku kwetu bahari inatunza joto, usiku na mchana havipishani sana. Kule hakuna kitu cha kulitunza.

Sasa tuje bondeni kwenyewe. Mchana jua linapasha miteremko, hewa inakuwa nyepesi, upepo unapanda kutoka chini kwenda juu. Jua likizama mambo yanageuka. Ardhi ya mlimani inapoa haraka, hewa iliyoigusa inapoa nayo, na hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Basi inateremka polepole kando ya mlima kama maji, inafuata makorongo, inajikusanya kwenye kitako cha bonde na kutulia pale mpaka asubuhi. Ndiyo maana nyumba ya kando ya mto inaweza kuwa na baridi kali kuliko nyumba iliyo mita 50 au 100 juu yake, ingawa kwa hesabu ya urefu ilipaswa kuwa na joto zaidi. Usiku ambao mbingu hazina wingu na hakuna upepo ndio mbaya kuliko yote. Mawingu yakitanda, shukuru: yanazuia joto lisitoroke.

Hewa hiyo iliyolala chini ndiyo inayozaa ukungu wa alfajiri. Mvuke wa mto na wa bustani za mboga unagandamana, na utaona bonde limejaa weupe huku waliojenga juu wanaota jua. Ukungu huo huondoka saa tatu au saa nne asubuhi, wakati mwingine hata zaidi mwezi wa saba. Kwako wewe unayeingia kazini saa moja na nusu, maana yake ni nguo ambazo hazikukauka, viatu vya ngozi vyenye kuvu, na chumvi iliyoshikana kwenye kopo.

Hilo la kwanza. La pili ni jua. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, jua linakuwa upande wa kaskazini. Dirisha linalotazama kaskazini au mashariki litapata joto wakati unalihitaji. Linalotazama kusini halitaona jua miezi hiyo yote, na ukuta wake utabaki na unyevu. Zaidi ya hapo angalia mlima wa mbele yako: kama mgongo wake umesimama karibu upande wa mashariki, jua litachelewa saa nzima au zaidi kukufikia hata kama kalenda inasema limekwisha kuchomoza. Nenda ukasimame mlangoni pa kila chumba saa moja asubuhi, kisha rudi saa tatu. Usimuulize mwenye nyumba. Mwenye nyumba atakwambia jua lipo, na kweli lipo, ila kwa jirani.

Mvua nayo ina upande wake. Kusi inavuma kutoka baharini kuanzia Aprili, imebeba unyevu. Ikigonga Usambara inalazimika kupanda, inapoa, inaangusha mvua upande inakotoka: Amani kule Usambara Mashariki, kisha, baada ya kuvuka bonde la Lwengera, upande wa Bumbuli na Mponde, kwenye chai. Ikivuka na kushuka upande wa pili imeshajikamua, na kadiri inavyoshuka inazidi kupata joto na kukauka. Nenda siku moja mpaka Irente, kilomita tano hivi kutoka mjini, usimame pale mlima unapokatika ghafla. Nyuma yako ni migomba na mboga. Karibu mita 1,000 chini yako ni Mazinde, mikonge na vumbi, na nyika ya Mkomazi inayoendelea mpaka macho yachoke. Mlima ule ule ndio uliofanya yote mawili.

Mjini Lushoto wenyewe, kwa kuwa umekingwa, hupata kama milimita 1,000 hadi 1,100 kwa mwaka. Tanga hupata zaidi ya hizo! Kule panaonekana pa maji kwa sababu baridi haiyakaushi, na mvua inagawanyika vizuri. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba, na katikati, kuanzia Julai, kuna mluati, manyunyu ambayo hayakulowanishi kwa mara moja lakini siku nzima hayaishi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndiyo miezi ya joto na ukavu. Ukitaka kuhamisha vitu, hamisha wakati huo. Aprili barabara ya Mombo huangukiwa na mawe na udongo, na kosta zinaweza kusubiri nusu siku njia isafishwe.

Kwa hiyo chumba cha juu kina sifa yake, lakini nacho kina mtihani. Udongo wa kule ni mwekundu, wa mfinyanzi, na nyumba nyingi zimekaa kwenye kiwanja kilichochongwa: nusu ya msingi iko kwenye ardhi iliyokatwa, nusu iko kwenye udongo uliojazwa. Nusu ya kujaziwa hutitia. Tazama ukuta wa upande wa bondeni. Ukiona ufa umepanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, tena mpana juu kuliko chini, jengo limeanza kugawanyika. Kisha zunguka nyuma, upande wa mlimani. Lazima kuwe na mfereji wa kukinga maji, wenye kina cha nusu mita hivi, unaoyapeleka pembeni na wala si chini ya msingi. Miti ya mteremko iliyopinda shinani kisha ikanyooka juu inakwambia udongo unatembea kidogo kidogo. Chemchemi iliyozuka nyuma ya ukuta kwenye masika ni sababu tosha ya kukataa chumba hata wakikupa bure.

Choo cha shimo kiwe chini ya chanzo cha maji, kamwe si juu yake, na umbali usiopungua mita 30. Mteremkoni maji ya chini ya ardhi nayo yanateremka, kwa hiyo uliza pia choo cha jirani wa juu kiko wapi.

Ningekuwa nachagua mimi, ningetafuta katikati ya mteremko: juu ya mstari wa ukungu, chini ya mgongo wenye upepo, dirisha mashariki. Mstari huo hauhitaji kifaa. Asubuhi moja angavu simama mahali pa juu uone weupe umeishia kwenye paa la nani.

Umesema mwenye nyumba wa juu anakupa na kipande cha shamba. Usikilime kwa kufuata mteremko, hata kama majirani wanafanya hivyo kwa kuwa jembe linakwenda rahisi. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwa sheria, na katika miaka ya 1950 wakayagomea. Walikuwa na haki ya kukasirikia amri, lakini udongo haujui siasa. Chora kontua kwanza, yaani mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka. Tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita mbili, ifunge juu, itanue miguu kama mita mbili, funga mti wa tatu katikati kama daraja, kisha ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha miguu kwenye vigingi viwili, weka alama uzi unapokata daraja. Geuza fremu, mguu wa kushoto uende kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo tembea nayo kukata mteremko: mguu mmoja ukae kwenye kigingi, mwingine usogeze juu au chini mpaka uzi uguse katikati, piga kigingi, endelea. Fanya kazi hiyo asubuhi kabla ya upepo wa bonde kuamka, la sivyo jiwe litacheza na mstari wako utateleza kwenda chini bila wewe kujua. Mstari ulioteleza ni mbaya kuliko kukosa mstari, maana unakusanya maji yote na kuyamwaga mahali pamoja, na hapo utapata korongo.

Kwenye mstari chimba mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo uutupe upande wa juu, hiyo ndiyo fanya juu. Juu ya tuta panda majani ya matembo au ya Guatemala. Mizizi inashika, majani unampa mwenye ng'ombe akakupa samadi. Baada ya misimu kadhaa udongo utajaa nyuma ya tuta na ngazi itajitengeneza yenyewe.

Cha kupanda? Maharage, sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo. Karoti na kabichi zitakubali. Viazi na nyanya kwenye masika ni kamari: bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani, hupenda hali ile ile ya bondeni, ubaridi wa wastani na jani lililolowa kwa saa nyingi. Madoa ya kahawia yenye unga mweupe chini ya jani ukiyaona asubuhi, shamba zima linaweza kuungua ndani ya wiki moja au mbili. Kipande chako cha juu kinakauka mapema, hiyo ni nafuu; ongeza nafasi kati ya mistari ipitishe hewa.

Ya ndani ya nyumba ni machache. Maji kule huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage yaloweke usiku kucha, vinginevyo utamaliza mkaa. Na mkaa wenyewe: usilale na jiko ndani ya chumba ulichofunga, hata dakika kumi za kujipasha. Gesi ya mkaa inayoua haina harufu, na mtu anapitiwa na usingizi tu. Ongeza blanketi la pili.

Mbu ni wachache kuliko hapa, na baridi huchelewesha vimelea vya malaria kukomaa ndani yao, ila chandarua usikiache: ukishuka Mombo au ukija nyumbani likizo, unarudi kwenye malaria kamili. Nafaka usiiweke chumba unacholala. Tauni ilizuka wilaya ile mwaka 1980 na ikarudi-rudi kwa miaka zaidi ya 20, na njia yake ni panya na viroboto. Homa kali pamoja na tezi iliyovimba kinenani au kwapani ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Sweta zako mbili na koti la mvua nimewapa watu wa basi, yatafika Ijumaa. Mama yako ameongeza kilo mbili za dagaa. Dagaa uyafungue mara moja uyaanike, yasije yakaota kuvu.

Baba yako.